Nguo ya Kuazima

Nilifika Regina mwezi wa pili,
baridi inang'ata hata funguo mfukoni.
Nikapewa meza, skrini mbili, kadi ya mlango,
na kazi ya kwanza: ng'oa maktaba ya Darlene.

Si maktaba ya rafu na vumbi.
Ni mafaili arobaini na moja ya msimbo
yanayojua jambo moja tu, kuhesabu siku:
ngapi tangu ghala kuungua
hadi mkulima kupiga simu ya bima.
Programu kumi na tisa za kampuni huja hapo kuazima,
ya madai, ya malipo, ya barua, ya wakaguzi,
zanyoosha mkono usiku na mchana
na hakuna hata moja isemayo ahsante.

Darlene Wasylenko alishastaafu.
Anafuga nyuki, walisema, upande wa Yorkton.
Msimbo wake ulijaa mikunjo
kama shati la mtu aliyelala basini.

Nami nimelelewa na methali:
nguo ya kuazima haisitiri matako.
Basi nikashona yangu.
Wiki tatu. Safi, fupi, majina yanasomeka.
Nikaigeuzageuza kama bwana harusi mbele ya kioo.

Majaribio mia mbili na sita yakapita.
La mia mbili na saba likagoma.
Lloydminster.

Mji uliokaa juu ya mpaka,
tako moja huku, tako moja kule.
Jimbo letu halisogezi saa, jua wala theluji;
wao humfuata jirani wa magharibi,
na kipupwe kikija hubaki nyuma yetu saa moja.
Saa moja ni nini?
Ni siku nzima, kwa aliyepiga simu
usiku wa manane ukiwa umeshatuvuka sisi
na yeye bado haujamfikia.

Nikarudi kwa Darlene, kichwa chini.
Mstari wa mia tatu na kumi na mbili:
"ikiwa" moja ndogo, imejikunyata,
na juu yake maneno ambayo mashine huyaruka:
*Usiguse. Bwana Tkachuk alinyimwa fidia kwa saa hii.
Nilikwenda kwake mwenyewe kuomba radhi.
Alinipa chai.*

Nikasoma mikunjo mingine.
Februari ya siku ishirini na tisa.
Juma ambalo posta ilifungwa kwa dhoruba.
Mjane aliyeandika tarehe kwa mpangilio wa kwao,
mwezi mahali pa siku.
Kila kunjo lilikuwa na mtu ndani.

Simu ikalia. Mama, kutoka Korogwe.
"Huko saa ngapi?"
Kwake saa mbili za usiku,
ukutani kwangu kumi na moja,
mdomoni mwangu saa tano,
na jibu lilinitoka bila kuhesabu.
Hesabu hiyo nani aliniandikia?
Sikuishona mimi.
Na neno saa lenyewe, na meza, na shati,
na hata maktaba,
si tuliazima kwa wapita njia,
tukavaa, hatujarudisha mpaka leo?

Nikazifuta wiki zangu tatu. Kidole kimoja.
Nikabakiza majina, yale yalikuwa mazuri.
Gurleen, meneja, akauliza kama nimeng'oa.
Nikasema nimetia kiraka.

Chini ya maneno ya Darlene nikaongeza yangu,
kwa Kiswahili, maana mashine huruka lugha zote sawasawa:

*Ewe utakayekuja, shika pole usifute,
kila kunjo lina haja, lilishika watu wote,
kuna mji si mmoja, saa zake usikate;
nguo ni ya kuazima, lakini imesitiri.*

Jumatatu ikaja programu ya ishirini,
mkono mbele.